Udongo wa Karibu na Barabara

Naibu mkurugenzi wa kilimo, Sikota, alishuka garini, akatazama tope, akatazama viatu vyake, kisha akatangaza kwamba kamati itachimba udongo wa kupima papo hapo. Chilekwa aliona kinyaa. Wamesafiri tangu jana kutoka Lusaka, na mtu mzima anaogopa kuvuka kijito kufika shambani!

Yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu wa udongo wa kamati. Alikuwa amepiga kelele hadi sauti ikamkauka: ardhi ya Luwingu imejaa tindikali, na mbolea ya ruzuku inayomwagwa kila msimu inazidi kuichachua. Bila chokaa ya kuiua tindikali hiyo, mahindi yataendelea kudumaa. Sasa serikali ilikuwa inaamua kama chokaa iingie kwenye ruzuku au isiingie, na uamuzi ungefuata udongo wa leo. Shamba la kupimwa lilikuwa la Bana Kalaba, mama yake mdogo, ambaye msimu uliopita alivuna magunzi.

Ila Bana Kalaba, baada ya kupiga magoti na kuwapigia wageni makofi ya heshima, aliwapeleka kwenye kipande cha duara kando ya barabara. Mahindi yalikuwa ya kijani kibichi, yamewapita urefu.

"Mama mdogo," Chilekwa akamnong'oneza, "hapa si ndipo baba mdogo alipochomea chitemene?"

"Ndipo. Ulitaka niwapeleke wageni kwenye yale mahindi ya manjano ng'ambo ya kijito? Watu wanafagia ua wageni wakija, wewe unataka niwaonyeshe jalala?"

Matawi ya msitu mzima yalikatwa, yakarundikwa pale, yakachomwa. Majivu yake, kama chokaa, yalikuwa bado yanaua tindikali. Kipande kile kilikuwa kimeshakula chokaa yake.

"Mheshimiwa," Chilekwa akapaza sauti, "hapa hatupimi shamba, tunapima majivu. Udongo huchukuliwa pande zote, ukachanganywa. Shamba liko ng'ambo ya kijito."

"Dada Chilekwa, udongo ni udongo. Au unataka tuogelee?"

Wajumbe wakaangua kicheko, macho yao yako jikoni kunakonukia kuku. Mmoja akachimba, akafunga mfuko wa udongo. Sikota akainua kichupa cha kipimo, na maji yake yalikuwa yamegeuka kijani, rangi ya udongo usio na tindikali.

"Mnaona? Udongo safi kabisa. Chokaa ya nini? Hawa waongezewe mbolea, na waache uvivu."

Bana Kalaba aliacha kutabasamu. "Chile, wamekuja kuamua habari ya chokaa?"

"Ndiyo, mama. Si nilikwambia wanakuja kupima?"

"Nikadhani wanapima wampe zawadi mwenye shamba bora, kama wale wa zamani! Yoo, nimejimaliza."

Akakimbia. Alivuka kijito na nguo zake za wageni, akarudi ameloa tope hadi mapajani, mkononi ana bua la manjano lililong'olewa, mizizi yake mifupi na minene kama vidole vilivyokatika. Akapiga magoti mbele ya wote.

"Mheshimiwa, nimekudanganya kwa aibu. Shamba langu ndilo hili."

Sikota alirudi nyuma tope lisimdondokee. "Mama, mfuko umeshafungwa. Tule, ubwali unapoa."

Na wakala. Wakamega ule ugali, wakachovya, wakalamba vidole, na Bana Kalaba akawanawisha mikono. Chilekwa hakugusa kitu. Alimchukia yule mtu na shavu lake lililotuna, akajichukia mwenyewe kwa kuwa atarudi naye gari moja.

Wageni hawaondoki mikono mitupu, kwa hiyo Bana Kalaba aliwachomea mahindi ya pale pale barabarani, akawafungia. Garini, Chilekwa alikuwa amelipakata lile bua la manjano, tope likimchuruzikia kwenye sketi. Sikota aligeuka kutoka kiti cha mbele, punje zimemjaa mdomoni, akamnyooshea hindi.

"Tupa huo uchafu, dada, uonje hili. Udongo mtamu namna hii, chokaa ya nini?"