Ghala Lisilonguruma

Moshi alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ni mama wa watoto wake, muuza ngisi kwenye gati la wavuvi. Wa pili ni jenereta la ghala la baridi la samaki pale pale gatini, ambalo alilihudumia miaka kumi na tisa huku likinywa dizeli kama limelaaniwa na kukohoa hadi nyumba za jirani. Jina la Moshi alipewa na wachuuzi, kwa sababu alinuka moshi hata siku ya harusi ya bintiye.

Kisha wakaja watu wa sola. Walitandaza paneli juu ya paa zima la ghala, wakajaza betri chumba kizima, wakavuta nyaya hadi kwenye mashine ya barafu na taa za gati. Fundi wao mkuu alikuwa binti mpole asiye na hata doa la grisi, na Moshi alimchukia kwa hilo tu. Meneja akatangaza kwamba mtambo utajaribiwa mwezi mmoja. Ukifaulu, jenereta litauzwa kama chuma chakavu. Hakusema Moshi atauzwa wapi.

Siku jenereta lilipozimwa, gati zima liliduwaa. Wachuuzi wale walizoea kupima baridi kwa masikio: likinguruma, samaki wako salama, likinyamaza, kimbilia beseni lako. Wakamzunguka Moshi, maana ndiye mtaalamu waliyemjua.

"Baba, hili dude jipya linafanya kazi kweli?"

Asubuhi ile ile alikuwa ameingia ghalani akatoka meno yakigongana. Lakini unga uliokuwa karibu kumwagika ulikuwa wake.

"Linafanya," alisema, akashusha sauti kama daktari mwenye habari mbaya. "Mpaka jua lizame. Jua likilala, nalo linalala. Ila mimi sijasema kitu."

Betri hakuzitaja. Kutotaja si kusema uongo, alijiambia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi wakili.

Wachuuzi waliguna. Jioni wakaenda kuchungulia wenyewe, wakakuta samaki wagumu kama mawe, wakaendelea na biashara zao. Hakuna aliyehangaika kumwambia Moshi, naye kila jioni alikuwa nyuma ya ghala akilifuta vumbi jenereta lake, akingoja kuitwa kishujaa.

Siku ya nne alirudi nyumbani, harufu ikampokea mlangoni. Mkewe alikuwa uani, ameinamia beseni la ngisi lililofunikwa magunia yaliyoloweshwa maji. Walikuwa wameoza wote. Mpishi wa hoteli, mteja wake mkubwa kuliko wote, alikuwa amewarudisha na kumwambia asirudi tena.

"Kwa nini hukuwaacha ghalani?" Moshi aliuliza.

"Si ulisema linalala? Kila jioni nawatoa, nawaleta hapa."

"Na wenzako nao wanawatoa?"

"Wenzangu hawajaolewa na wewe," mkewe alisema. Akanyooka. "Baba watoto, linalala au halilali?"

Moshi, ambaye kwa mdomo alilishinda jenereta, aliinama akaanza kukunja magunia. Mkewe akajitwika beseni akaenda kuwamwaga.

Kesho yake asubuhi Moshi alipanda juu ya sanduku gatini, akakiri mbele ya watu wote kwamba alisema uongo, na kwamba betri zinaliendesha ghala hadi kukicha.

"Tunajua tangu Jumanne," mchuuzi mmoja alimjibu. "Shuka, unatuzibia njia."

Mwezi wa majaribio ulipokwisha, jenereta likauzwa. Moshi hakufukuzwa, na aliyemwombea kazi ni yule yule binti: chumvi ya bahari iliganda kwenye paneli kila siku, naye alihitaji mtu wa kuziosha asiyeogopa paa. Moshi alimshukuru huku akiangalia viatu vyake mwenyewe.

Wiki iliyofuata alikuwa akishuka ngazi na ndoo yake alipomwona mkewe anakuja na beseni la ngisi wabichi. Alikimbia kumfungulia mlango wa ghala.

"Weka tu, mke wangu. Baridi ipo, usiku na mchana."

Mkewe alisimama kizingitini. Hakumtazama. Alimgeukia binti fundi aliyekuwa akisoma mita ukutani.

"Mwanangu," aliuliza, "humo ndani kuna baridi?"

"Ipo, mama."

Ndipo akaingia, na Moshi akabaki ameushika mlango.