Gari Lililokuwa Linadanganywa

Binti yangu hubeba watoto wa shule kwa gari lake dogo. Wiki hiyo lilimzimikia mara mbili pale mlimani, watoto ndani, malori nyuma yakipiga honi. Wazazi wakamwambia bila kumung'unya maneno: likizima tena, watoto wanahamia gari jingine. Basi akalipeleka gereji, nami nikapanda. Sikuwa na kazi huko, nilitaka tu kuona.

Fundi, mnene mwenye kicheko, wanamwita Mzito. Alichomeka kikompyuta chake chini ya usukani, akakisoma. "Linalalamikia sensa, kile kifaa cha kupimia hewa ya injini." Akafungua boneti, akawasha injini. Ikatetemeka kama mwenye homa. Akachomoa waya mmoja tu, injini ikatulia.

Nikasogea. "We mwanangu, umelinyang'anya kitu halafu ndiyo limepona?"

"Halijapona, Bibi. Sensa ilikuwa inalidanganya. Sasa halina wa kumuuliza, linakisia."

"Na kukisia kumeshinda kuambiwa?"

"Kwa leo, ndiyo."

Akaitoa hiyo sensa. Ndani mna kiwaya chembamba kama unywele. Akanieleza kwamba hupashwa moto, hewa inayoingia hukipoza, na kwa kule kupoa gari hujua hewa ni kiasi gani, petroli iende kiasi gani. Nikalamba kidole, nikakipuliza. Kweli, kinapoa!

"Sasa hiki kimevaa koti la vumbi," akasema, "hakisikii baridi."

Nikashika pindo la nguo yangu nikipanguse.

"Bibi, mkono! Kitakatika!"

Akakipulizia dawa ya kopo, akakiacha kikauke. Ndipo akachomoa chujio la hewa. Limejikunja, limechanika pembeni. "Vumbi limepita hapa. Nani kaliosha hili?"

Binti yangu akaangalia viatu vyake. "Mimi. Lilikuwa chafu."

"Dada, hii ni karatasi! Kwenu mnafua na magazeti?"

Nilicheka mpaka nikashikilia gari. Mtoto huyu nimemlea mwenyewe. Kwetu hata sabuni huoshwa.

Fundi akaweka chujio jipya, akarudisha sensa na waya wake, tukaenda kujaribu mlimani, mimi kiti cha mbele. Pale pale lilipozoea kuzima, binti yangu alibana pumzi. Gari likapanda tu, kama halijawahi kuugua. Kule juu akaegesha, akaukumbatia usukani.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kufuata watoto, alitoka na ndoo na povu lake. Nikamwambia aoshe viti, aoshe matairi, aoshe hata barabara akipenda. Boneti nilikuwa nimeiegemea mimi, na sikubanduka.