Yago Kaburini

Panga la Mzee Ogwang liliukata mche kwa pigo moja, ukaanguka juu ya kaburi la mdogo wake. Akausukuma kando kwa mguu, akatema mate, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Mti mkaidi huu," alisema. "Mvua zikianza tu, unaota tena. Haya, umeandika? Kesho ukoo mzima uko hapa. Nataka historia ya nyumba yetu isomwe vizuri."

Apendi, binti yake, alikuwa anaitazama ile midomo. Tangu Alhamisi kila kitu cha baba yake kilimtia kinyaa: anavyotafuna, anavyokohoa, hata anavyosali kabla ya chai huku jicho moja likiutazama mkate.

Chini ya kaburi lile la kijijini Petta hakukuwa na mtu, na hilo kila mtu alilijua. Shimo la dhahabu la Tiira lilipobomoka, Apendi akiwa mtoto wa darasa la tatu, baba yake mdogo Owori hakupatikana. Ukoo ukafanya kama inavyofanywa mwili ukikosekana: wakazika tunda la mti wa yago, refu na zito, kwa nyimbo na machozi. Hakuna aliyejisumbua kuchimba kirefu kwa ajili ya tunda, ndiyo maana mbegu zake zilikuwa bado zinatafuta kutoka.

Lililokuwa halijulikani, Apendi alilikuta Busia, mjini mpakani. Alikuwa anafanya usafi katika ofisi ya mawakala wa forodha upande wa Uganda. Ukoo ulipotaka kila nyumba ilete historia yake, shangazi zake walimtwisha yeye, eti ana simu nzuri na hana mume wa kumzuia kuzurura. Akawa anatembea na picha ya zamani ya babu na wanawe. Alhamisi alivuka upande wa Kenya kula mchana kwa Goretti, mama wa Kisamia anayeuza supu ya matumbo karibu na kichinjio, akaiweka picha mezani. Goretti akaja kufuta meza, mara kitambaa kikasimama.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Ni baba yangu mdogo, mama. Alifia Tiira zamani."

"Tiira gani? Huyu amekufa Februari, mikononi mwangu. Ni mimi nilimzika."

Goretti akavuta kiti, akamweleza. Owori aliliacha shimo siku moja kabla halijabomoka, amechoka na tope, akavuka kutafuta kazi Kenya bila kumuaga mtu. Aliposikia kwamba amezikwa, alirudi Petta na mkate na sukari. Kaka yake akamkuta njiani, akasimama katikati ya kijia. "Umeshazikwa wewe," alimwambia. "Ukikanyaga boma hili utaua watoto." Owori hakutaka kuua watoto wa mtu. Akauweka mkate chini, akarudi alikotoka.

Tangu hapo akawa mwosha matumbo pale kichinjioni, kazi ambayo watu huipita wameshika pua: kumwaga mavi ya ng'ombe, kuyapindua matumbo, kuyakwangua kwa kisu butu yasitoboke, kusuuza mpaka maji yatoke safi. Wenzake walimwita Marehemu, jina alilojipa mwenyewe. Harufu ile haikumtoka hata Jumapili.

"Lakini matumbo yake yalikuwa meupe kama shuka," Goretti alisema. "Wateja nimewapata kwa ajili yake. Hata wewe, mama, miaka yote hii umekula kazi ya mikono yake."

Apendi alilitazama bakuli lake. Kijiko hakikuinuka tena.

"Sitaki kitu kwenu," Goretti akamalizia. "Mlifukue tu lile tunda. Mtu hawezi kuzikwa mara mbili akapumzika."

Sasa, mbele ya mche uliokatwa, Apendi alisema, "Baba, baba mdogo alikuja na mkate."

Panga likatulia. "Nani amekwambia?"

"Wazee wangechinja kondoo, wangefukua yago, angeingia nyumbani kwake. Ulijua. Kwa nini hukuwaita?"

Mzee Ogwang akatazama miwa iliyosimama ng'ambo ya kaburi, kwenye kipande kilichokuwa cha mdogo wake.

"Miwa hiyo ndiyo imekusomesha," alisema. "Ulikula, ukavaa, ukaenda sekondari. Leo ndiyo unaona inanuka? Andika alifia Tiira. Usituaibishe." Akajifuta midomo tena.

Apendi alienda nyuma ya jiko, akatapika. Alichukizwa na baba yake, na zaidi alichukizwa na sare zake za shule, na kila sahani aliyolamba akiwa mtoto.

Kesho yake ukoo ulifika, mbuzi wakachinjwa, nyimbo zikaimbwa. Kabla ya historia kusomwa, Mzee Ogwang aliwaongoza wageni makaburini. "Hapa amelala mdogo wangu," alisema, sauti ikatetemeka vizuri kabisa. Mzee Okumu, mkubwa wa ukoo, akavua kofia.

"Mzee," Apendi akamuuliza mbele ya wote, "mtu akizikiwa yago, halafu akarudi mzima, hufanywa nini?"

"Anangoja nje ya boma. Kondoo anachinjwa, yago linafukuliwa, anaingia. Ni kazi ya asubuhi moja tu, mwanangu." Okumu akairudisha kofia kichwani. "Kwani nani alirudi?"

"Baba mdogo Owori. Muulize kaka yake, aliyemkuta njiani."

Wote wakamgeukia Ogwang. Alipiga magoti, akaanza kung'oa majani juu ya kaburi kwa bidii, ingawa jani halikuwepo hata moja. Alikuwa ameyafyeka yote jana. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa udongo mtupu, vikagusa kisiki kibichi cha yago, vikarudi nyuma.

Nyuma ya watu, mtu mmoja akaulizia jembe.