Sekunde Tatu

Mwaka 1997, programu ya barua pepe ofisini kwetu Kimara ilikuwa inaniudhi. Ukitaka barua moja, inasoma kwanza zote zilizohifadhiwa. Dakika kumi!

Bi Chausiku, mteja wetu, mama mtu mzima, alikuja kila Jumamosi kusoma barua ya mwanawe aliyeko Maskati. Tukingoja, alinimenyea chungwa, akaniuliza nimekula nini, mbona sioi. Mie naishi peke yangu. Wiki nzima hakuna mwingine aliyeniuliza hayo.

Lakini sivumilii kazi mbovu. Nikaiandika upya programu, ikawa na orodha ya mahali kila barua ilipo, ikaifuata ile moja tu. Sekunde tatu.

Jumamosi iliyofuata nikamwamkia shikamoo, na kabla hatujafika kwenye habari za nyumbani, barua ikafunguka. Akasoma, akashukuru, akaondoka na chungwa lake kikapuni.

Nikaapa sitafanya ujinga. Jumatatu nikaufanya: nikairudisha programu ya zamani.

Jumamosi Bi Chausiku akaitazama skrini imeganda. "Imeharibika tena?"

"Imeharibika, mama."

"Afadhali," akasema, akavuta kiti, akatoa kisu na chungwa.