Gia ya Tatu

Ugonjwa ulimshika Népomuscène upande wa kushoto. Mkono ulirudi polepole, ukaanza kushika kikombe, lakini mguu ulibaki mzito, na mguu wa kushoto ndio unaokanyaga klachi. Alikuwa ameendesha taksi Bujumbura miaka thelathini na moja. Sasa gari lake jeupe, zee kuliko binti yao Annick, lilisimama uani Mutakura na kuku wakalala chini yake.

Mara mbili kwa wiki alipaswa kwenda hospitali kufanya mazoezi ya mguu. Kupanda basi ilikuwa mateso. Watu walimsukuma bila kujua, na mara moja alianguka mlangoni mbele ya abiria wote. Siku hiyo habari zilimfikia mkewe Léoncie, aliyeuza vitenge soko la Jabe. Juma lililofuata alijiandikisha shule ya udereva. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na wenzake darasani walimwita mama.

Alifaulu mtihani alipoufanya mara ya pili. Tangu hapo akawa anampeleka mumewe mwenyewe, amekaa wima, pua karibu na kioo. Gia zililia kila alipobadilisha, na ya tatu ilikuwa na tabia ya kuchomoka yenyewe. Népomuscène hakumkaripia hata mara moja. Alitazama nje ya dirisha tu, na Léoncie alimshukuru moyoni kwa uvumilivu huo.

Juma la tatu, asubuhi, wakiwa njiani kwenda hospitali, gia ya tatu ilichomoka kwa kishindo, kisha ikakataa kabisa kuingia. Madereva nyuma yao walipiga honi. Wanaume wawili wakalisukuma gari kando, na mchana likavutwa mpaka Bwiza, kwa fundi Ilyasi.

Ilyasi alifanya kazi peke yake na alisema machache. Alifungua kizibo chini ya giaboksi, mafuta yakashuka kwenye beseni, meusi, yakinuka kama kitu kilichoungua.

"Mama anabadilisha gia kabula ya kukanyaga ambriaje, hii klachi, mpaka chini," akasema. "Ndio kunakula bwate, hii giaboksi yenyewe. Simulaumu, wote wenye kujifunza wanafanya vile."

Léoncie alijifuta mikono kwenye kitenge ingawa haikuwa michafu. Jioni, nyumbani, aliweka leseni yake ndani ya sanduku la nguo, chini kabisa. Alimwambia mumewe kwamba watarudi kwenye basi, naye atamshika vizuri zaidi, hataanguka tena. Kisha akaomba msamaha kwa ajili ya gari. Népomuscène alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kulala.

Asubuhi alivaa shati lake la kanisani na kumwomba wafuatane Bwiza. Léoncie alidhani anakwenda kuagana na gari.

Walikuta giaboksi imeshushwa na kufunguliwa juu ya meza. Népomuscène alikataa kiti. Akamwomba Ilyasi alete lile beseni, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba. Kidole kiling'aa rangi ya dhahabu, kama kimepakwa vumbi.

"Angalia, Mama Annick," akasema. "Hii ni shaba ya pete ya gia ya tatu. Imesagika mpaka imekuwa unga. Wiki tatu haziwezi kufanya unga kama huu. Unga huu ni wa miaka."

Ilyasi naye akainama, akatazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Ni mimi," Népomuscène akaendelea. "Miaka sita sijabadilisha mafuta ya hii bwate. Ilikuwa inavuja, mi naongeza tu chochote nilichopata. Ya tatu ilianza kuruka kabula nigonjwe. Nilikuwa naishikilia na goti, nanyamaza."

Léoncie alikaa kwenye benchi. Alikitazama kile kidole chenye vumbi la shaba.

"Jana ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha nilale vile."

"Niliona haya," akasema mumewe. "Nimebakiwa na kitu kimoja, watu kusema Népo alijua kutunza gari."

Léoncie alikasirika, na hakuficha. Alimgeuzia mgongo mumewe, akamuuliza Ilyasi kazi itachukua siku ngapi. Fundi akajibu kwamba vyuma vyote lazima vioshwe kwanza, na kama wana haraka, mikono mingine itasaidia. Léoncie akakunja mikono ya blauzi, akavuta beseni la mazutu, dizeli ya kuoshea vyuma.

Népomuscène akaja kukaa kando yake bila kuitwa. Mkono wake wa kushoto haukuweza kushika chuma kinachoteleza, kwa hiyo Léoncie alishika na yeye akasugua kwa brashi. Walimaliza vyuma vya kwanza hivyo. Kisha Léoncie akauliza pete ile ya shaba inafanya nini. Mumewe akamweleza: inaipunguza gia mwendo, meno yakutane bila kugongana, na ikiisha, ndipo gia inalia hata kama dereva hana kosa.

"Mbona hukunieleza hivi tangu mwanzo?"

"Ningekueleza, ungeniuliza mafuta nilibadilisha lini."

Léoncie alijaribu kutocheka, akashindwa. Akamfuta mumewe mazutu shavuni kwa ncha ya kitenge.

Ilyasi aliweka pete mpya, beringi mbili na sili iliyokuwa ikivujisha. Alijaza mafuta yanayofaa mpaka yakachungulia kwenye tundu la kipimo. Halafu akaandika kwenye kipande cha utepe, akakibandika chini ya boneti, na tarehe ya kubadilisha tena akamweleza Léoncie, si mumewe.

Ijumaa, baada ya mazoezi ya hospitali, Léoncie aliendesha kurudi nyumbani. Gia ziliingia bila kulalamika. Alitaka kumwambia mumewe jambo, akageuka kidogo, akakuta amelala, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi.

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona akilala ndani ya gari linaloendeshwa na mwingine. Hata walipokwenda kumzika kaka yake kule mjini Ngozi, njia nzima alikanyaga breki ambazo hazikuwepo, mpaka dereva akachukia.

Petroli waliipata baada ya kupanga foleni siku mbili. Léoncie alitazama mshale wa tangi, akatazama geti lao, akalipita. Akazunguka mtaa polepole, akiyakwepa mashimo yote. Akazunguka tena.

Mzunguko wa tatu Népomuscène akafumbua macho, akaona geti linapita dirishani.

"Mama Annick, mbona tunapita nyumba?"

"Lala," akamwambia. "Bado natembeza gari."