Nyumba ya Kundi la Pili

Mtafiti alifika asubuhi akakuta kiwanja kitupu: msingi, bomba linalodondosha maji, na kamba ya kuanikia nguo imelala chini. Jirani alikuwa anafagia mlangoni kwake.

"Wamehama?"

"Hajahama mtu, dada. Watu wa ustawi wa jamii walimchukua mtoto, na nyumba nayo ikamfuata. Ilipita hapa ikiburuza nyaya za umeme. Nilisogeza ndoo zangu tu."

Mtafiti akashukuru. Hakuhitaji kuelekezwa, kwani lami ilikuwa imechubuka moja kwa moja hadi makao ya watoto, nyuma ya soko.

Aliikuta nyumba imejibanza ubavuni mwa bweni, dirisha kwa dirisha. Ilikuwa ya chumba kimoja na haikutulia hata kidogo. Kila mara ilijisogeza, vikombe vikagongana kabatini. Mama alikuwa anamsuka bintiye nywele kupitia nondo za madirisha yote mawili.

"Karibu, dada. Shikilia meza, inatembea."

Mtafiti akakaa, akasimama, akakaa tena. Yeye ndiye aliyepiga kura ya kuzigawa familia makundi mawili mradi wa utafiti ulipoanza. Familia za kundi la kwanza zilipata mshauri wa kuja nyumbani, kumshika mkono mzazi na kumtafutia daktari au kazi, ili mtoto asiondolewe. Za kundi la pili hazikupata kitu. Zilitazamwa tu, ijulikane kama huduma inafaa kweli. Mama huyu aliangukia la pili. Alipougua, mtoto akawa anajilea mwenyewe, na hakuna aliyebisha hodi ila waliokuja kumchukua.

"Kwani hiyo huduma inasaidia?" mama akauliza, chanuo mdomoni.

"Inasaidia. Wa kundi la kwanza wengi bado wako na watoto wao."

"Basi niletee mshauri na mimi. Nimeshapona. Wanasema bila mtu wa kunisimamia hawamrudishi."

Mtafiti aliona aibu. Akampigia bosi wake hapo hapo, akaweka spika.

"Tukimpa sasa tutaharibu matokeo," bosi alisema. "Mtoto yumo ndani ya nyumba?"

"Nywele tu."

"Basi wametenganishwa. Mwambie avumilie mpaka utafiti uishe."

"Unaisha lini?" mama akauliza simu ilipokatika.

"Mwakani."

"Mwezi ujao wanampeleka mji mwingine." Akavuta msuko, mtoto akasogeza kichwa karibu. "Barabara ya huko ina milima. Sijui kama nyumba hii itaiweza."

Mtafiti akaaga. Kwenye kona ya soko akakutana na nyumba nyingine, ya mabati, inakuja taratibu. Mwanamume alikuwa amesimama mlangoni ameshika sufuria isimwagike. Mtafiti alimfahamu, naye alikuwa wa kundi la pili.

"Dada, makao bado mbali?"

"Hapo mbele, ukate kushoto," akamwambia, akasogea pembeni ipite.