Mzee Melkizedeki Ashuka na Tarumbeta

Kila Jumamosi jioni bendi ya jazi hupiga ukumbini mjini Same, na Irine huirekodi kwa simu ili amtumie baba yake, mzee Melkizedeki, aliyeko Vudee mlimani. Zamani mzee alikuwa akipuliza tarumbeta kanisani.

Siku moja mzee akampigia. "Mwanangu, wanapiga vizuri, lakini mbona hawana tarumbeta?"

"Hawana mpulizaji, baba."

Jumamosi iliyofuata mzee akashuka kwa bodaboda, tarumbeta mgongoni. Mpiga saksafoni akamwamkia, "Shikamoo mzee, karibu jukwaani."

"Marahaba," akajibu, akavuta pumzi, akaingia katikati ya wimbo. Ukumbi mzima ukainuka kucheza.

Irine alirekodi, ila vigelegele vyake vilifunika nusu ya wimbo. Mzee anaipenda rekodi hiyo hivyohivyo.